Fulana Yenye Mikono Minne

Buyenzi, Bujumbura
Ijumaa, baada ya swala

Mama Mwajuma,

Assalaam alaykum. Natanguliza salamu kama ilivyo ada, ingawa najua safari hii salamu zangu zimefika mlangoni kwako na kukuta mlango umefungwa. Hata hivyo nauliza. Hujambo? Kile kikohozi chako cha alfajiri kimetulia? Mama mkwe, mguu wake unamruhusu kwenda sokoni au bado anaagizia? Na Mwajuma, lile jino la mbele alilokuwa analichezea kwa ulimi hata kwenye simu, limeshang'oka? Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, nafanya kazi. Kilichoharibika si mwili.

Naandika kwa kalamu kwa sababu simu zangu hupokei, na sikulaumu. Barua angalau huwezi kuikatia katikati. Unaweza kuichana, lakini nakujua, utaichana ukishaisoma hadi mwisho.

Sefu amenifikishia maneno yako. Nilikuwa nimekaa juu ya ubao unaoning'inia ubavuni mwa boti ya watu wa Uvira, napaka rangi, akaja akasimama chini bila kunitania. Wewe mwenyewe unamjua jirani yetu huyu. Tangu awe nahodha wa ile boti ya Neema hajawahi kupita bandarini hapa bila kunitupia neno la kunichokoza. Safari hii alisema tu, "Shuka kwanza, Baba Mwajuma." Nikashuka. Akasema umemtuma aniambie nisipige simu tena, nikae na watoto wangu watatu wa Bujumbura, na kwamba mwisho wa mwezi unahamia Kasulu kwa kaka yako, wewe na Mwajuma. Halafu akaongeza jambo moja ambalo nadhani hukumtuma. Akasema Mwajuma akitoka shule siku hizi hapiti tena Kibirizi kuangalia boti.

Hayo ya Kasulu yaliniuma. Hilo la Mwajuma lilinikalisha chini, nikakaa juu ya kamba za watu na rangi ikanikaukia kwenye brashi. Maana ni wewe uliyeniambia kwamba alijifunza kusoma kwa majina ya boti, kwamba akiona ile S yangu yenye mkia anawaambia wenzake hii kaandika baba yangu. Nilikuwa naivuta S ile mkia mrefu zaidi kwa sababu yake. Wenye boti walikuwa wanalalamika, nawaambia ndiyo mtindo wa sasa.

Kwanza nikutoe wasiwasi wa lile kubwa. Sina mke huku. Sijaoa, sijazaa, hakuna mwanamke ninayemficha. Wale watoto watatu ni wajukuu wa Bi Mwamini, mama mwenye nyumba ninakopanga chumba, na Sefu juzi nilimpeleka akala wali nyumbani kwake, akawaona, muulize. Lakini usishushe pumzi bado. Sefu aliyekuletea habari hakukuongopea. Niliulizwa nina watoto wangapi nikasema watatu, kwa mdomo wangu huu, na nikacheka. Sasa nikueleze ilivyokuwa, na nitajitahidi nisijipambe, ingawa unajua kujipamba ndiko kunakonijia haraka.

Bi Mwamini ni mtu wa Buyenzi tangu babu zake. Alizaa mtoto mmoja tu wa kiume, na huyo ndiye baba wa hawa watoto. Alikwenda Zambia kutafuta maisha. Simu zilikuwa za kila wiki, zikawa za sikukuu, sasa hazipo. Mama yao ameolewa tena huko Rumonge. Watoto wamebaki kwa bibi. Mkubwa ni Zaina, msichana mwenye maneno kama hakimu. Anayemfuata ni Amisi, yuko darasa la pili. Wa mwisho ni Nuru, hajaanza shule, na anataka chochote kilicho mkononi mwa wenzake. Wananiita Papa Fundi, lakini hilo lisikushtue, huku kila mwanamume mtu mzima kwa watoto ni papa, hata muuza maji.

Huku wana sikukuu ya akina baba. Sisi kwetu hatuna mambo hayo. Basi mwalimu wao, madamu kama wanavyomwita, aliwagawia watoto vikopo vya rangi za nguo, akawaambia kila mmoja ampambie baba yake fulana nyeupe, abandike alama ya kiganja chake, na siku ya Jumamosi baba aivae aje nayo shuleni wamshangilie. Zaina alirudi na vile vikopo, akaviweka juu ya kabati, akaenda kuosha vyombo. Amisi naye hakuvigusa. Nuru peke yake ndiye aliyekuwa anauliza, "Papa atakuja lini kuivaa?"

Bi Mwamini alinifuata nikiwa nanawa miguu uani. "Fundi," akasema, "niko na ombi, na ukikataa sitakasirika. Uwakalie hawa watoto Jumamosi, pahali ya baba yao. Siku moja tu. Wasikae peke yao kwenye banc wenzao wanacheka." Banc kwao ni benchi. Nikamwambia hata asingeomba ningekwenda. Na moyoni nilifurahi, Mama Mwajuma. Nilifurahi kuliko ilivyonipasa.

Sasa kosa la kwanza, na hili ucheke ukitaka. Mimi fundi rangi mzima, nipake fulana kwa vikopo vya shule? Nikawaambia watoto hizo ni rangi za kuchezea, ngojeni mwone kazi. Zaina akasema, "Papa Fundi, madamu alisema rangi ya nguo tu." Nikamwuliza, "Madamu ameshapaka boti ngapi?" Nikaleta mabaki ya buluu ya boti, ile nzito inayokaa majini mwaka mzima bila kubanduka, nikawachovya watoto viganja, nikawabandika kwenye fulana mpya aliyoinunua bibi yao. Ilitoka vizuri sana usiku ule. Asubuhi fulana imekauka kama mlango. Bi Mwamini aliishika kwa vidole viwili, akaiegemeza ukutani, ikasimama yenyewe. Akaiangalia, akaniangalia. "Fundi," akasema, "hii utaivaa ao utaipanda uende nayo Kigoma?" Na viganja vya watoto ilibidi nivisugue kwa mafuta ya taa na sabuni mpaka Nuru akalia. Kila nilipovitazama vile viganja vyekundu nilitamani nijifiche chini ya kitanda.

Fulana nyeupe nyingine haikuwepo ndani ya nyumba isipokuwa moja. Unaijua. Ni ile uliyoniwekea chini kabisa ya begi siku naondoka, ukasema niivae siku ya kurudi ili Mwajuma asinione nimechakaa. Nilikuwa naitunza kweli, wallahi, haijawahi kugusa jasho. Niliikunjua, nikaikunja, nikaikunjua tena. Kisha nikaitoa, nikampa Zaina. Nisamehe hilo kando, usilichanganye na mengine.

Safari hii aliyekuwa fundi ni Zaina, mimi kibarua. Alikata boksi la karatasi ngumu akaliingiza ndani ya fulana, ili rangi ya mbele isipenye ikafika mgongoni. Mimi hilo sikulijua, nimezoea mbao. Akamimina rangi kwenye kifuniko, kidogo kidogo, akaipaka kiganjani kwa sifongo badala ya kukichovya. Yeye akachagua kijani, Amisi nyekundu, Nuru njano. Unakandamiza, unahesabu kimoyomoyo, unauinua mkono taratibu kuanzia upande wa kidole gumba. Nuru alicheka katikati, kwa hiyo mkono wake una vidole sita. Juu ya mikono Zaina akaandika PAPA WETU. Herufi zilipanda na kushuka kama ngazi mbovu, vidole vyangu vikaniwasha, nikanyoosha mkono nichukue brashi nimnyooshee. Akaupiga mkono wangu. "Apana. We ni papa. Papa haandike, papa anangoja."

Tulikuwa tumekaa chini kwenye mkeka, jua limeingia uani, Bi Mwamini anachambua maharagwe. Sikuwa nimekaa hivyo na watoto tangu niondoke kwetu. Nakuambia ukweli kwa sababu ukweli ndio umebaki. Nilisikia raha mpaka nikasahau kwamba raha ile ina mwenyewe.

Zaina ndiye aliyenikumbusha. Alinyanyua kichwa akasema, "Na Mwajuma wako? Tukiweka mikono yetu tu, atakasirika." Wanamjua jina, huwa wananisikia nikiongea naye kwenye simu. Amisi akasema basi tumuweke mgongoni, awe na pahali yake peke yake. Nikasema hilo nitalifanya mimi. Nikachukua rangi ya buluu iliyobaki na brashi ndogo, tukageuza fulana, nikauchora mkono wa mwanangu kwa kichwa. Nilijiona hodari. Nilivichora vile vidole vinene vyenye vishimo kwenye fundo, na kile kidole gumba alichokuwa anakinyonya mpaka kikawa chembamba kuliko kingine. Chini nikaandika MWAJUMA kwa herufi zangu nzuri.

Amisi akauangalia, akaniuliza, "Mwajuma iko darasa la ngapi?"

Nikasema la pili.

"Kama mimi." Akaweka kiganja chake juu ya mkono niliouchora, polepole asiuharibu. Ule mkono wangu ukapotea wote chini ya kiganja chake, na vidole vyake vikazidi. "Papa Fundi, hii ni mukono ya mutoto ya kubebwa mgongoni."

Nikamjibu kwamba Mwajuma ni mdogo wa umbo.

Yaani nilimsingizia mwanangu. Mtoto ambaye wewe mwenyewe uliniambia kwamba sare ya shule imemfupika, kwamba watu wa sokoni wanamdhania wa darasa la nne. Nilimsingizia mbele ya watoto ili wasijue kwamba simjui. Zaina alinitazama, kisha akachukua pasi ya mkaa, akageuza fulana ndani nje, akaweka kitambaa juu, akaanza kupiga. Rangi ya nguo ikishapigwa pasi, Mama Mwajuma, haitoki tena. Nilikaa pale nikiona mkono ule mdogo unashikamana na kitambaa na nikaona aibu ambayo sikuwahi kuionja, nikainuka nikasema naenda kuwahi swala, na wakati wa swala ulikuwa bado.

Jumamosi tulikwenda. Akina baba tumekaa kwenye mabenchi, kila mmoja na mikono ya watoto kifuani, wengine wana matumbo makubwa mikono imetanuka. Watoto wanaitwa mmoja mmoja kumtambulisha baba yake. Amisi alisimama mbele ya watu wote akasema, "Huyu ni papa yetu. Anaandika majina ya maboti. Ukiona boti kwa ziwa, ni yeye." Wakapiga makofi. Nuru akanikalia mapajani. Nilipokea makofi yale kama ni yangu.

Hapo ilipasa iishe. Bi Mwamini alisema siku moja. Ningeivua jioni ile, ningeikunja, na wewe usingesikia lolote. Lakini Jumatatu asubuhi niliamka nikaivaa tena, nikaenda nayo bandarini. Hakuna aliyenituma. Wabeba mizigo wa pale wananijua kama mtu asiye na mtu. Mchana wao wanaletewa chakula na watoto wao, mimi nakula mkate kwenye gogo. Siku ile kila aliyepita alisimama, akaangalia kifua changu, akasema hongera Fundi, kumbe uko na watu. Hata wakala mmoja wa kutoa mizigo, ambaye hajawahi kunisalimia, aliniambia bonjour.

Ndipo Neema ikatia nanga na Sefu akashuka. Nilikuwa nimekaa na kikombe cha chai, mgongo nimeuegemeza kwenye magunia ya saruji. Sefu akaisoma fulana, akacheka, "Aaa, Baba Mwajuma. Kumbe huku mambo yamekunyookea. Wangapi?"

Wabeba mizigo walikuwa wamesimama wanasikiliza. Ingekuwa rahisi. Nisingehitaji hata kusema. Ningegeuka tu, angeona mgongoni jina la mwanangu, angejua fulana ile ni ya nini, tungecheka yakaisha. Sikugeuka. Sikugeuka kwa sababu Sefu anamjua Mwajuma, anamwona kila wiki pale Kibirizi, na angeuona mkono ule mdogo, na angesema mbele ya watu wote, huyu mtoto wako mbona umemchora kichanga. Nikaukandamiza mgongo kwenye magunia. Nikasema, "Watatu." Nikacheka kama mtu anayejua utani. Sefu hakujua ni utani, na sasa nadhani haukuwa utani.

Basi, ndiyo hiyo. Sina mke wa pili. Nilichofanya ni kumkana Mwajuma kwa sababu nilikuwa naona aibu kwamba simjui ukubwa wake. Sijui kama kwako hili ni dogo kuliko lile ulilolifikiria. Kwangu ni kubwa kuliko.

Unaweza kuniuliza kwa nini simjui, na huku si mbali. Si mbali kweli. Boti inatoka hapa leo, kesho yake inafika kwenu. Nilikuja kupaka boti moja. Ilipokwisha nikasema niongeze nyingine, niezeke kwanza ile nyumba yetu kwa mabati, nisirudi mikono mitupu watu wa Ujiji wakanisema. Nikapaka mageti ya watu wakubwa huko Kinanira, nikarudi kwenye boti. Kila nikimaliza jina, boti inawashwa, inaondoka kuja kwenu, na mimi nimesimama hapa na kopo. Kila simu nikakuambia boti ijayo. Wewe ukaacha kuniuliza, na mimi nikafurahi kwamba hunisumbui. Sikujua kwamba kuacha kuuliza ni kitu cha kuogopa.

Siku Sefu aliponiletea maneno yako nilirudi nyumbani mapema. Nilimweleza Bi Mwamini yote, kwa sababu niliona ni haki yake kujua jina la wajukuu wake limefanya nini ng'ambo. Alinisikiliza hadi mwisho. Hakunifokea. Alisema, "Hawa watoto nilikuazima, Fundi. Sikukupa." Akaendelea kupepeta mchele wake. Akasema tena, bila kuniangalia, "Mi namungoja mutu hapa. Simu ikilia kwa jirani, ninasimama. Najua vile inakuwa. Usimufanyie mwenzako."

Nimekaa nyumba moja na mama huyu, nimemwona akisimama kila simu ya jirani ikilia, na sikuwahi hata siku moja kukufikiria wewe umesimama.

Zaina alikuwa amesikia. Jana ameifua fulana, ameianika upande wa kivulini, ameipiga pasi, akaniletea imekunjwa. Nilidhani atakuwa na hasira. Akasema, "Upeleke kwa Mwajuma. Umwambie hatukumuchukua papa yake. Sisi tuko na yetu, iko Zambia." Akaniachia mkononi akaenda kumwogesha Nuru. Mama Mwajuma, nimeshatukanwa na manahodha, na wenye boti, na polisi wa bandari. Hakuna neno lao lililonifika kama la mtoto yule.

Kwa hiyo fulana ndiyo hiyo kwenye mfuko, pamoja na barua. Utaitambua kwa ule ushonaji wako wa shingoni. Mbele utaona mikono mitatu ya watoto ambao hawakukukosea kitu. Usiwachukie. Mgongoni utaona wa buluu. Uangalie vizuri, halafu mwite Mwajuma aweke kiganja chake juu yake. Wewe utaona peke yako nilivyokosea, sina haja ya kukuandikia kwa vipimo. Akikuuliza huu mkono ni wa nani, mwambie ni wake, na kwamba baba yake aliuchora bila kumwuliza mwenyewe. Usimwambie lile nililowajibu watoto, kwamba ni mdogo wa umbo. Hilo naomba nilimwambie mwenyewe, siku akiwa na umri wa kunikasirikia vizuri.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo penyewe. Nimemaliza boti ya watu wa Uvira kwa haraka, nimekataa iliyofuata. Sefu ameniandikisha kwenye watu wa boti kama fundi. Tunaondoka leo jioni. Kwa hiyo wakati unasoma mstari huu, mimi si mtu wa Bujumbura. Niko Kibirizi, ndani ya Neema, nyuma karibu na injini, na Sefu ndiye aliyetangulia kukuletea karatasi hii. Nimemwambia sitashuka mpaka urudishe neno. Sitaki nikuzukie mlangoni mbele ya mama yako na majirani, ukalazimika kunikaribisha kwa ajili ya macho ya watu. Boti itapakia mpaka jioni, halafu inageuza. Ukisema nirudi, nitarudi nayo, sitakusumbua kwa simu, na fulana ibaki kwa Mwajuma. Mabati sikuleta. Nimekuja vilevile nilivyosema sitakuja.

Salamu zangu, hata kama hutazifikisha zote. Mama mkwe, mwambie namwomba radhi kabla hajauliza kosa. Mama yangu mzazi, mbusu mikono, na kama ameshasikia habari za watatu, msomee barua hii sehemu ya fulana iliyosimama, atacheka kwanza, kisha umsomee iliyobaki. Kaka yako wa Kasulu, mwambie sina kinyongo naye, alikufungulia mlango wakati mimi nilikuwa napaka milango ya wengine. Mwalimu wa madrasa anayemsomesha Mwajuma, msalimie, mwambie bado nakumbuka ahadi ya kuandika lile bango. Na mdogo wako Asha, msalimie sana, maana yeye ndiye ninayemtegemea kwa hili la mwisho.

Ukikubali nishuke, wewe usije. Una hasira, na una haki nayo, kaa nayo nyumbani nitaikuta. Mtume Asha aje gatini na Mwajuma. Lakini umvalishe Mwajuma fulana hiyo juu ya nguo zake, hata ikimfika magotini, na umwambie asiivue njiani. Siku ya boti watoto wa rika lake wanajaa pale Kibirizi, wote wanakimbilia watu wanaoshuka, na naogopa nisije nikafungua mikono kwa mtoto wa mwenzangu.

Mimi niliye botini,
Issa